Mwalimu wa Saa Nne na Mwalimu wa Saa Kumi



Mkutano wa tawi wa mwezi uliopita ulikuwa mrefu. Tulisema juu ya posho ya nyumba, tukasema juu ya zamu za usiku, tukarudi tena kwenye posho ya nyumba, na mambo hayo yote ni ya haki. Nilipotoka nje kupunga upepo niliwakuta watoto wetu wameketi ukutani wakiwangoja wazazi wao, nao pia wana mkutano wao. Walikuwa wakibishana juu ya tuisheni. Nikasimama kando nikasikiliza, halafu nikawauliza swali moja: kuna tofauti gani baina ya shule na tuisheni?

Walikuwa watoto kumi na mmoja, wa gredi ya nne hadi ya sita, wasomao katika shule tatu mbalimbali za serikali huku kwetu upande wa Changamwe. Majibu yao ndiyo sababu ya karatasi hii. Naona haya kusema kwamba mambo haya yalitoka vinywani mwa watoto kabla hayajatoka vinywani mwetu sisi tunaolipa.

Mmoja alisema: shuleni mwalimu huandika ubaoni, tuisheni mwalimu hueleza. Wa pili akasema kwamba shuleni wako themanini na wawili katika chumba, na tuisheni wako kumi na watano. Msichana mmoja wa gredi ya tano akasema yeye shuleni haulizi kitu, kwani akiuliza huambiwa angoje, na akingoja kengele hulia; lakini tuisheni akinyosha mkono mwalimu huja mpaka dawatini pake, hukaa naye, humwonyesha kwa kalamu. Nikamwuliza, na huyo mwalimu wa tuisheni ni nani? Akanitazama kama atazamwavyo mtu mzima asiyejua mambo. Akasema, "Mjomba, si ni yule yule!"

Ni yule yule, ndugu zangu. Mwalimu yule yule, chumba kile kile, ubao ule ule, na chaki ile ile iliyonunuliwa kwa fedha za umma. Kilichobadilika ni saa, na shilingi ishirini mkononi mwa mtoto.

Basi watoto wetu wana walimu wawili katika ngozi moja. Yuko mwalimu wa saa nne asubuhi, ambaye amechoka, ana haraka, anaandika akiwapa kisogo. Na yuko mwalimu wa saa kumi jioni, ambaye ana subira, anawajua watoto kwa majina, anacheka nao. Watoto wampenda huyu wa saa kumi, na nani atawalaumu? Hawakukosea hata kidogo katika kupima. Wamepima sawasawa kwa macho yao, na hukumu waliyotoa ni kwamba shule ya kweli huanza shule inapokwisha. Ile ya mchana ni mahali pa kungojea.

Lakini yuko mvulana mmoja aliyekuwa kimya mwisho wa ukuta. Huyu haendi tuisheni. Alinieleza kwamba juma lile hesabu za desimali zilifundishwa jioni, na kesho yake darasani mwalimu akasema, hizi tumekwisha zifanya, akafungua ukurasa mwingine. Nikamwuliza, na wewe ulifanyaje? Akajibu bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya samaki: "Baba hajalipa, kwa hiyo hazikuwa zangu."

Hazikuwa zangu! Nataka kila msomaji wa karatasi hii ayaweke maneno hayo moyoni kabla hajaendelea. Mtoto wa miaka kumi, katika shule ya serikali, katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, amekwisha kufundishwa kwamba kuna hesabu zilizo zake na hesabu za wenzake waliolipa. Somo hilo amelielewa vizuri kuliko desimali. Na hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alifundishwa kwa vitendo, siku baada ya siku.

Na wale wanaolipa, wamefundishwa nini? Wamejifunza kwamba kazi ya mshahara hufanywa nusu, na nusu iliyobaki hungojea kitu kidogo. Sisi wote twalalamika juu ya karani anayeficha faili mpaka apewe chai. Twauliza, watu hawa walizaliwa wapi, walilelewa na nani? Jibu liko ukutani pale, limevaa sare na viatu vya vumbi, na sisi ndio tunaolipa ada ya mafunzo hayo.

Sasa tuseme juu ya fedha, kwa kuwa sisi ni watu wa mishahara. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwezi wa Januari mwaka 2003, serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa kuwa 1,420. Mimi nalipa shilingi 20 kwa siku kwa mtoto mmoja. Hizo ni 100 kwa juma. Nikihesabu majuma 36 tu ya mwaka wa shule, nimelipa shilingi 3,600. Nina wawili wanaosoma shule ya msingi, kwa hiyo ni 7,200, na sijahesabu ile ya Jumamosi wala ile ya likizo. Kwa maneno mengine, katika elimu hii iitwayo ya bure mimi natoa mara mbili na nusu ya kile kilichowekwa na serikali nzima kwa mwanangu. Tukisimama mbele ya mwajiri kudai nyongeza, sehemu ya nyongeza hiyo imekwisha wekewa ndoana kabla haijafika nyumbani.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamekwisha katazwa. Ni kweli, yamekatazwa mara nyingi mpaka katazo limekuwa kama wimbo. Mwaka 2012 Waziri wa Elimu, Mutula Kilonzo, alipiga marufuku tuisheni ya likizo. Mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi, kifungu cha 37, ikasema mtoto asilazimishwe kusoma wakati wa likizo, na mwenye kuvunja sheria atozwe faini isiyozidi shilingi 100,000 au afungwe kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kanuni za mwaka 2015 zikataja hata saa: shule ya kutwa ifundishe toka saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na shughuli nyingine mpaka saa kumi na dakika 45. Sheria ni nzuri. Lakini tuisheni iliyofukuzwa darasani ilihamia kanisani, na ikifukuzwa huko huhamia barazani kwa mtu, na bei hupanda kidogo kwa sababu ya hatari. Hata Korea Kusini, serikali ya wanajeshi ilikataza jambo hili mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaliondoa katazo. Na miaka yote ile ishirini watu walikuwa wakifundishana nyuma ya mapazia. Mtu hafichi kitu asichokitaka. Wazazi wanaitaka tuisheni, watoto wanaitaka, na maadamu darasa la mchana liko vile lilivyo, wataendelea kuitaka.

Kwa hiyo tuliangalie darasa la mchana.

Mwaka 1998 serikali ilisimamisha kuongeza walimu, ikawa yajaza tu nafasi za waliokufa na waliostaafu. Miaka mitano baadaye milango ikafunguliwa bure. Watoto waliokuwa karibu milioni 6 mwaka 2002 wakawa zaidi ya milioni 7 mwaka 2003. Watoto wameongezeka kwa mkupuo mmoja, walimu ni wale wale! Mwenye akili ya kawaida aweza kujua litakalotokea. Ukimpa mtu mmoja watoto themanini na wawili, na masomo mengi ya mtaala mpya, na makaratasi ya kujaza kwa kila mtoto, mtu huyo hatafundisha, atalinda. Yule msichana anayeambiwa angoje hakuambiwa hivyo kwa uovu. Mwalimu akimpa kila mtoto nusu dakika, dakika thelathini na tano za somo zimekwisha kabla hajaeleza chochote.

Haya nayasema ili mtu asije akasema kwamba karatasi hii imeandikwa kuwatukana walimu. Mwalimu ni mfanya kazi kama mimi. Ana kodi ya nyumba, ana mkopo, ana watoto ambao pengine nao wako tuisheni kwa mwalimu mwingine. (Hilo nimeliona kwa macho yangu: jirani yangu mwalimu hukusanya shilingi ishirini-ishirini jioni, na kesho yake hutoa zile zile kwa mwalimu wa mwanawe.) Lakini kuwa mfanya kazi si kibali cha kila jambo, na hapa nataka tuzungumze kama watu wa chama.

Mwalimu mmoja aliniambia, "Hiyo ni ovataimu yangu. Nyinyi wa bandarini hamlipwi ovataimu?" Twalipwa. Tulipigania, twalipwa. Lakini ovataimu hulipwa na mwajiri, hailipwi na mzigo! Tuseme mimi ni dereva wa kreni. Asubuhi nashusha nusu ya kontena zilizopangwa, halafu saa kumi nampigia simu mwenye shehena, namwambia, ukitaka kontena zako zilizobaki nitumie pesa kidogo kwenye simu. Nitafika kesho kazini? Na chama kitanitetea kwa maneno gani? Mwalimu ana mwajiri, ambaye ni Tume ya Kuwaajiri Walimu. Ikiwa watoto wamebaki nyuma na wahitaji saa moja zaidi, basi saa hiyo idaiwe kwa Tume, tena idaiwe kwa sauti, nasi tutasimama pamoja na walimu barabarani kuidai. Kumdai mtoto wa miaka kumi ni kwenda mahali pepesi. Mtoto hana chama.

Na sasa zamu yetu sisi wazazi, maana hatuna usafi wowote wa kujisifu.

Kwanza, twalipa kwa hofu. Wazee wetu waliuona mtihani wa KAPE wakati wa ukoloni, ukiwachuja watoto kama nafaka kwenye ungo. Baadaye ukaja CPE, kisha KCPE toka mwaka 1985 mpaka mwaka 2023. Kila mtihani ulikuwa mlango mwembamba na watoto wengi nyuma yake. KCPE imekwenda zake, lakini hofu haikuondoka nayo. Tuliambiwa kwamba KPSEA, iliyoanza mwaka 2022 kwa gredi ya sita, si mtihani wa kuchuja. Halafu watoto wa kwanza walipofanya mtihani wa gredi ya tisa mwaka 2025, tukaona alama za KPSEA zimehesabiwa asilimia 20 katika kupangiwa shule za juu. Siku hiyo hiyo mtaani kwetu bei ya tuisheni ya gredi ya sita ilipanda. Mfanya biashara wa hofu husoma magazeti kuliko sisi.

Pili, na hili ni baya zaidi, wengi wetu hatulipi ili mtoto ajue. Twalipa ili ampite wa jirani. Lakini jirani naye akilipa, wote wawili wamerudi pale pale walipokuwa, isipokuwa mifuko imetoboka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa SACMEQ walipowauliza watoto wa darasa la sita hapa Kenya, walikuta zaidi ya nusu yao wanasoma masomo ya ziada. Wakifika nusu na kupita, haiwi ziada tena. Inakuwa ni kodi, na asiyeweza kuilipa ni yule mvulana wa mwisho wa ukuta.

Tatu, na hapa sitamlaumu mtu yeyote, wako wanaolipa kwa kuwa hawana mahali pa kumweka mtoto. Mimi ni mmoja wao. Nikiwa zamu ya usiku nalala mchana, na chumba chetu ni kimoja. Mama watoto huuza viazi karai mpaka magharibi. Mtoto akitoka saa tisa na nusu aende wapi? Barabara kuu ina malori, ufukweni kuna mambo mengine. Shilingi ishirini ile hailipi hesabu peke yake. Yalipa ukuta na mlango na mtu mzima aliye macho. Mtu akisimama kukataza tuisheni bila kunijibu swali hili, ajue kwamba anazungumza na watu wenye mayaya.

Lakini ulizeni watoto juu ya hilo pia. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walisema tuisheni ni bora kuliko shule. Nikawauliza tena, je, mwaipenda? Hapo sauti zikapungua. Watatu wakasema waipenda. Mmoja akasema hulala hapo hapo mezani, na mwalimu humwacha kwa kuwa amekwisha lipa. Mwingine akasema amekosa chuo cha Kurani tangu muhula uanze, na babu yake amekasirika. Msichana yule yule aliyesifu kuonyeshwa kwa kalamu akasema hana siku ya kuruka kamba, na kwamba akirudi nyumbani ni giza na bado kuna kazi ya shule ya mchana ya kuandika. Nikapenda sana akili yake. Alijua kwamba kitu chaweza kuwa kizuri kuliko kingine na bado kisiwe kizuri. Wakubwa wengi wa elimu hawajafika hapo.

Nao wote, bila kuulizwa, walisema neno moja: kama mwalimu angeeleza mchana vile aelezavyo jioni, wasingekwenda. Hawakuomba vitabu vya bei, hawakuomba kompyuta. Waliomba mwalimu wa saa kumi aje saa nne.

Hapana budi tawi letu lichukue hatua, na mimi natoa mapendekezo yangu wazi, anayepinga na apinge mkutanoni. Jambo la kwanza ambalo halihitaji fedha yoyote: mwalimu asifundishe kwa malipo mtoto wa darasa lake mwenyewe. Akitaka kufundisha wa shule nyingine, sina nguvu ya kumzuia. Lakini wa kwake, hapana, kwani hapo ndipo anapopata faida kwa kuacha somo la mchana likiwa bovu. Wazazi wetu walio katika bodi za shule waweza kulisema hili kesho, na wasione aibu. Jambo la pili, somo lililofundishwa jioni lihesabiwe kwamba halijafundishwa. Hakuna mwalimu aruke ukurasa darasani kwa kusema tumekwisha ufanya. Hili nalo halina gharama, na laweza kumsaidia mvulana yule juma hili hili.

Saa ile ya baada ya saa tisa na nusu, ambayo kanuni zenyewe zimeiweka kwa michezo, ifunguliwe kwa michezo kweli, na chumba kimoja kiwe wazi kwa wanaotaka kuandika kazi zao, pasiwe na ubao wala somo wala ada. Tuchague wazazi wa zamu. Sisi tulio zamu ya usiku twaweza kukaa pale saa moja au mbili kabla ya kazi, tumezoea kukesha. Hilo litajibu swali la mtoto aende wapi.

Na lililo kubwa ni walimu wenyewe, idadi yao. Hapo chama chetu kiandikiane na chama cha walimu, KNUT, ambacho kipo tangu mwaka 1957 na kinajua uzito wa darasa la watoto themanini kuliko sisi. Tuwaambie: dai lenu la walimu zaidi tutalibeba kama letu, na nyongeza yenu ya mshahara tutaiunga mkono bila kusitasita, lakini nanyi mtusaidie kuondoa mkono huu katika mfuko wa mtoto. Wakikubali, ni vizuri. Wakikataa, tutajua pia.

Kwa ajili ya kazi hiyo twahitaji hesabu za kweli, si manung'uniko. Kila mzazi aandike katika karatasi kiasi alicholipa muhula huu kwa tuisheni ya asubuhi, ya jioni, ya Jumamosi na ya likizo, na mtoto yuko gredi gani na darasa lake lina watoto wangapi. Asiandike jina la mtoto wala la mwalimu. Karatasi apewe karani wa tawi kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika atamkuta karani ofisini kila siku baada ya saa kumi na moja, naye atamwandikia bila malipo.

Mwanachama wa zamu ya usiku